Viazi vya Mjane na Mungu Mwema

SWALI: Kwenye jumuiya yetu kijana mmoja aliuliza: kama Mungu ni mwema na anaweza yote, kwa nini baridi ya Juni iunguze viazi vya mjane kule Makete, shamba la jirani yake mlevi lisiguswe? Nikamjibu kwamba Mungu katupa hiari. Akasema, "Mwalimu, baridi haina hiari." Ningejibu nini?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Kijana kakubana pazuri. Hoja ya hiari hujibu ubaya unaotendwa na watu: dereva anateremka Iwambi ameitoa gari kwenye gia ili abane mafuta, breki zinapata moto, watu wanakufa. Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo, aliinoa hoja hiyo mwaka 1974, lakini hakudai kuijua sababu ya Mungu kuruhusu ubaya. J. L. Mackie, mwanafalsafa asiyeamini Mungu, alikuwa ameshikilia, mwaka 1955, kwamba Mungu mwema mwenye uwezo wote na ubaya haviwezi kuwapo pamoja. Plantinga alitaka kuonyesha tu kwamba vinaweza. Kwa kazi hiyo imefaulu, na hata wasioamini wengi wanakiri. (Kuhusu majanga ya asili alisema yawezekana ni kazi ya pepo wenye hiari. Kijana wako asingenyamaza.)

Kwa viazi, anzia shambani. Usiku mkavu usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto upesi. Hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka kama maji na kutuama bondeni. Alfajiri majani ya bondeni yana barafu nyembamba. Jua likipanda yanalegea na kuwa meusi, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Ya mteremkoni yanapona. Basi huenda mlevi hakupendelewa, shamba lake liko juu tu. Richard Swinburne, mwanafalsafa Mkristo, hujengea hapa: maumbile yasipofuata kanuni zile zile kwa mwema na kwa mlevi, hakuna atakayejua bondeni pasipandwe nini na lini, wala atakayeweza kumsaidia au kumdhuru mwenzake kwa kujua.

Tatizo ni kwamba mjane huenda alijua, ila bonde ndilo alilogawiwa na ukoo. William Rowe, mwanafalsafa asiyeamini Mungu, alikaza zaidi mwaka 1979: mtoto wa paa anaungua kwenye moto wa msitu, anateseka siku kadhaa, anakufa bila kuonwa na mtu. Mateso hayo yamemfundisha nani? John Hick, mwanafalsafa wa dini, alisema shida hukomaza roho. Kwa paa haisaidii, na watu wengine shida huwavunja kabisa.

Jibu lililobaki ni la mwanafalsafa Stephen Wykstra, 1984: kutoiona sababu si ushahidi kwamba haipo, kama mtoto mchanga asivyojua kwa nini mama anamshikilia achomwe sindano. Tunaliona imara kuliko yote, ila lina gharama yake. Ukilishika mno, hutajua hata kama kumpa mjane gunia la mbegu ni kumsaidia au ni kuharibu jambo jema usiloliona.