Masharti haya tulishawekewa

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza kama mpiga kura atakiwe kutimiza masharti zaidi ya umri na uraia, mathalani kujua kusoma na kuandika. Nasema hapana, na sababu zangu ni za hapa hapa Tanzania, kwa kuwa masharti ya aina hiyo tulishawekewa.

Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Tena alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wakulima waliokuwa wakifurika kwenye mikutano ya TANU, chama kilichopigania uhuru, wengi wao hawakuruhusiwa kupiga kura. Januari 1958, Tabora, Nyerere aliwasihi wajumbe wa mkutano wa TANU wasisusie uchaguzi huo, wasije wakawaachia wengine baraza. Wakakubali kwa shingo upande. Mwanachama mwenzao Zuberi Mtemvu alijitoa na kuunda chama chake. Uamuzi ule wa kushiriki tunauita Uamuzi wa Busara, na ulikuwa wa busara kwelikweli, kwa sababu waliingia katika uchaguzi ule wakiwa na nia ya kuyaondoa masharti yenyewe.

Yalipoondoka, nini kilitokea? Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wagombea ubunge walipewa alama mbili, jembe na nyumba, ili hata asiyejua kusoma achague. Mwanza, wapiga kura wakamwangusha Waziri wa Fedha, Paul Bomani, mtu mwenye jina kubwa katika ushirika wa pamba. Inawezekana walimwonea, sijui nani angeamua hilo. Lakini watu wanaoburuzwa tu hawamwangushi waziri wa fedha.

Upande wa pili una hoja ambayo siidharau: kwamba asiye na elimu hununuliwa kwa khanga na kilo ya sukari. Inauma, kwa sababu mambo hayo yapo. Hebu basi tukumbuke takrima. Ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura wakati wa kampeni ulihalalishwa kwa sheria ya Bunge, hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Sheria ile haikutungwa na bibi anayetia dole gumba. Ilitungwa na wabunge, ambao Katiba inawataka wajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Sharti la elimu walikuwa nalo, na halikuzuia kitu.

Na huyo bibi, nani alimnyima shule? Serikali ambayo haikumjengea darasa haiwezi kumgeukia leo na kumwambia kura yake haifai kwa kuwa hakusoma. Kodi analipa kila anaponunua sabuni. Dawa zikikosekana zahanati, anayekaa kwenye benchi hadi jioni ni yeye.

Ibara ya 5 ya Katiba yetu inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura, inataja sababu chache za kumzuia, kisha inasema hakuna nyingine. Naomba isiguswe. Kama lipo sharti la kuongeza, ibebeshwe Tume ya Uchaguzi: elimu ya mpiga kura ifike vijijini na kwenye maboma ya wafugaji miezi kadhaa kabla ya kampeni, itolewe kwa maneno ya mdomo, na watu wapewe nafasi ya kuuliza maswali.