Zima sauti, kisha mtazame Lucille Ball

Wiki hii mmeuliza: ni mchekeshaji gani wa zamani anayefaa kutazamwa hata leo, na kwa nini? Jibu langu ni Lucille Ball wa Marekani, kwa sharti moja. Mara ya kwanza, zima sauti.

Mimi nilimjua hivyo. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, na televisheni niliyomwonea spika yake ilikuwa imekufa. Kikaonyeshwa kipande cha kiwanda cha chokoleti, cha mwaka 1952, kutoka kipindi chake cha televisheni, I Love Lucy. Lucy na shoga yake Ethel, aliyeigizwa na Vivian Vance, wamesimama mbele ya mkanda wa mashine unaopitisha chokoleti. Kazi yao ni kuzifunga karatasi. Ikipita hata moja tupu, hawana kazi. Mwanzoni mkanda unajikokota. Kisha unachanganya mwendo. Lucy anatupia moja mdomoni, ya pili, ya tatu, mashavu yanatuna. Nyingine zinaingia kwenye kofia, nyingine kifuani. Msimamizi anarudi, anaukuta mkanda hauna kitu, anafurahi, anaamuru mwendo uongezwe! Yatazame macho ya Lucy hapo. Mdomo umejaa, hawezi hata kuguna, macho ndiyo yanayoomba msaada. Sikuhitaji mkalimani.

Watu husema huyu alizaliwa na kipaji. Labda, ila kilichelewa sana kuonekana. Alizaliwa Jamestown, jimbo la New York, mwaka 1911. Baba yake, fundi wa nyaya za simu, alikufa kwa homa ya matumbo binti akiwa na miaka 3. Shule ya maigizo ilimwona hafai. Akawa mwanamitindo, akaingia Hollywood mwaka 1933, na kwa miaka mingi akazunguka kwenye filamu za bei rahisi na nafasi za pembeni. I Love Lucy ilipoanza Oktoba 15, 1951, alikuwa tayari na miaka 40.

Na hata hapo alilazimika kupigania. Kituo cha televisheni cha CBS kilisita kumpa mumewe halisi, Desi Arnaz, nafasi ya mume kwenye kipindi, maana alikuwa Mkyuba mwenye lafudhi nzito. Wakazunguka majukwaani pamoja mwaka 1950 kuonyesha kwamba watazamaji hawana shida naye. Kisha wakataka kurekodi kwa filamu huko huko Hollywood, jambo lililoongeza gharama. Walikubali kupunguziwa malipo, nao wakabaki na umiliki wa vipindi. Wakati ule nani alifikiri kipindi cha televisheni kitatazamwa mara ya pili? Marudio hayo ndiyo yaliyowatajirisha.

Alipopata ujauzito wa mtoto wake wa pili, wakauingiza kwenye hadithi, ila neno lenyewe la Kiingereza lilikatazwa kutamkwa. (Wangejua Kiswahili wangesema "mja mzito" na mambo yakaisha.) Januari 19, 1953, watu wapatao milioni 44 walimtazama Lucy akienda kujifungua, na siku hiyo hiyo alijifungua kweli, mtoto wa kiume. Kesho yake Eisenhower aliapishwa kuwa rais, na watazamaji wake hawakufikia hao.

Kinachonichekesha mpaka leo ni kwamba Lucy wa kwenye kipindi ni mke anayelilia jukwaa na kila wiki anaharibu, ilhali mwenyewe, baada ya talaka ya mwaka 1960, alinunua hisa za Arnaz mwaka 1962 na kuiongoza studio yao, Desilu, iliyokuja kutoa Star Trek, tamthilia ya safari za angani. Aliiuza mwaka 1967 kwa dola milioni 17. Ya mwishoni tuyaache. Kipindi chake cha mwaka 1986 kilikatishwa mapema, naye akafariki mwaka 1989.

Mara ya pili, sasa, fungulia sauti. Kipindi kilirekodiwa mbele ya watu ukumbini, na mama yake Lucy, Desirée, alikuwa akija kuketi nao. Sikiliza vizuri binti anapokaribia kuharibu jambo: kuna mwanamke anayeguna kwa hofu kabla wengine hawajacheka. Ni yeye.