Ndege ya modeli inaangusha pua ikibiringishwa: kosa liko wapi?

SWALI: Niko Nakuru. Nina ndege ya povu ya kujifunzia, bawa likiwa juu ya mwili, mita 1.4 kutoka ncha hadi ncha, betri ya 3S (seli tatu) 2200 mAh. Kupaa, kukata kona na kutua nimeshazoea, sasa nataka sarakasi. Nikipiga lupu (duara la wima angani) inatoka imekwenda upande, na kila nikiibiringisha, yaani kuizungusha kwenye mstari wa mwili wake, inaangusha pua. Mara ya mwisho ilijikita ardhini. Ninunue ndege nyingine, au tatizo ni mikono yangu?

JIBU: Usinunue bado. Ndege ya aina hiyo hupiga lupu nzuri, na hubiringika pia, ingawa polepole. Kinachoiangusha, kwa namna unavyoeleza, ni eleveta, kile kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua: ama hukuinua pua kabla ya kuanza, ama uliivuta stiki (kijiti cha rimoti) ndege ikiwa chali badala ya kuisukuma, au yote mawili. Ila kabla ya mikono, ikague ndege mezani, maana ndege isiyo sawa itakufundisha makosa.

Anza na jairo, kifaa kinachoituliza ndege yenyewe. Ndege nyingi za povu siku hizi huja na resiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) yenye jairo na swichi ya hatua tatu. Hatua ya wanaoanza huizuia ndege kuinama kupita kiasi fulani, kwa hiyo ukitaka kuibiringisha inashindana nawe katikati ya zoezi. Tumia hatua isiyo na kizuizi. Kama rimoti ina kitufe cha kuinyoosha ndege yenyewe, kizoee mpaka kidole kikifikie bila kutazama.

Kisha kitovu cha uzito, yaani mahali ndege inaposawazika ukiiinua. Fuata kipimo cha kijitabu cha ndege yako. Kama huna, ndege ya bawa la mstatili hukaa vizuri kwenye asilimia 25 hadi 30 ya upana wa bawa. Bawa la sentimita 20 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, basi, lisawazike sentimita 5 hadi 6 nyuma ya ukingo wa mbele. Anza na 5. Pua ikiwa nzito mno, utalazimika kusukuma stiki sana ndege ikiwa chali. Mkia ukiwa mzito, ndege inakuwa na wasiwasi na inaweza kujipindua ghafla ukiivuta. Ukirekebisha, sogeza betri milimita 3 hadi 5 kwa mara moja.

Usawa wa kushoto na kulia ndio husahaulika, na nadhani ndio unaoipeleka lupu yako upande. Chomoa betri kwenye waya lakini iache mahali pake, kisha ishike ndege kwa kidole kimoja chini ya pua na kingine chini ya mkia, katikati kabisa. Bawa moja likishuka kila mara, bandika uzito mdogo kwenye ncha ya bawa jepesi: gramu 3, halafu 5, mpaka litulie. Ndege inayoruka sawasawa haionyeshi kasoro hii kwa sababu trimu (marekebisho madogo ya kudumu kwenye rimoti) ya eleroni, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoinamisha ndege, imeificha. Ukivuta lupu, mabawa hubeba uzito mara kadhaa zaidi, na zile gramu chache nazo huongezeka hivyo hivyo. Upande mzito unalala.

Kwenye rimoti, eleroni na eleveta zisogee milimita 10 hadi 12 kila upande, na ekspo, mpangilio wa rimoti unaoifanya stiki iwe laini karibu na katikati, iwe asilimia 25 hadi 30. Angalizo: rimoti za Futaba hulainisha kwa namba hasi, za Spektrum kwa namba chanya. Ukikosea alama, katikati panakuwa pakali. Sogeza stiki kidogo tu na utazame: eleveta lazima iende taratibu mwanzoni.

Sasa angani. Panda mita 60 hadi 80, kama eneo lako linaruhusu urefu huo, na uelekee upepo. Kwa lupu, weka nguvu yote, ruka sawasawa sekunde mbili tatu, hakikisha mabawa yamelala sawa, kisha vuta eleveta kama nusu ya stiki. Ikifika kileleni, legeza kidogo ili duara lisibanane. Ikianza kushuka, punguza nguvu hadi robo, kisha vuta tena taratibu mpaka inyooke. Kama ilianza na bawa moja chini hata kidogo, itatoka upande. Hilo halirekebishwi katikati ya lupu. Ikigeuza pua kushoto karibu na kilele, ambako mwendo ni mdogo na mota bado ina nguvu, gusa usukani wa mkia kulia. Propela inayozunguka kufuata saa ukiitazama kutoka nyuma huisukuma ndege kushoto.

Kubiringika kunataka uangalifu zaidi. Bawa la ndege za kujifunzia mara nyingi ni bapa chini, na ncha zake zimeinuliwa. Umbo hilo hukusaidia ukiruka kawaida, lakini ndege ikiwa chali bawa hubeba vibaya, na kule kuinuliwa kwa ncha kunaifanya itake kujigeuza. Fanya hivi: ukiwa na mwendo mzuri, inua pua nyuzi 20 hadi 30, kisha rudisha eleveta katikati kabisa. Hapa ndipo wengi hukosea. Wakianza kubiringisha huku bado wamevuta, ndege inachora skrubu na kutoka nje ya mstari. Eleveta ikiwa katikati, peleka eleroni mpaka mwisho na uishikilie. Mabawa yakipita wima na tumbo likianza kutazama mbingu, sukuma eleveta mbele kidogo. Mabawa yakisimama wima mara ya pili, iachie. Yakilala sawa, achia eleroni.

Pua ikianza kushuka ndege ikiwa chali, usivute. Mkono utataka kuvuta kwa mazoea, na kuvuta ukiwa chali ni kuielekeza ndege ardhini. Endelea na eleroni ulikokuwa unaenda huku ukisukuma kidogo. Itageuka na kukaa sawa. Kuna zoezi la kuufundisha mkono: panda juu, ibiringishe nusu, sukuma na uhesabu "moja", malizia nusu nyingine. Ukilimudu, hesabu mpaka mbili. Lifanye kwanza kwenye simuleta mpaka kusukuma kusihitaji kufikiriwa.

Kuna jambo la Nakuru pia. Mji wenu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 17 hata kabla ya kuhesabu joto la mchana. Bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi, kama asilimia 9 au 10, ili kubeba uzito ule ule, na propela nayo inasukuma hewa kidogo. Ndiyo maana lupu iliyoonekana rahisi kwenye video ya pwani inakuishia kileleni. Ingia na mwendo zaidi, chora duara kubwa zaidi. Unaweza kujaribu propela kubwa kwa inchi moja, lakini pima ampea kwa mita ya wati: kama ESC yako (kidhibiti cha mwendo wa mota) ni ya ampea 30, usivuke 25.

Fanya sarakasi dakika tatu za mwanzo, betri ikiwa na nguvu, na utue ikiwa imebaki karibu volti 3.7 hadi 3.8 kwa seli baada ya kupumzika. Kabla ya kila safari pinda mabawa kidogo kwa mikono na utazame ulipo muungano, hasa baada ya ile ajali: ufa mdogo kwenye povu hufunguka wakati wa kuvuta.

Ukiweza kubiringisha kulia na kushoto bila kupoteza zaidi ya mita 5, tafuta ndege ya bawa la chini lenye umbo sawa juu na chini. Hiyo ndiyo itakayokuwezesha kuruka chali kwa muda mrefu.