Babu yangu alikuwa mtu wa TANU: je, nimwombee dua?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wangu. Mimi ni kijana wa Tanga. Babu yangu mzaa baba alikuwa mwanachama wa TANU, chama kilichopigania Uhuru wa Tanganyika, tangu kabla ya Uhuru, na baadaye akawa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka alipostaafu. Hakuwa mtu wa kuacha swala. Mhadhiri mmoja kwenye darsa letu amesema kwamba waliosaidia kusimamisha serikali isiyohukumu kwa Sharia, na waliofanya kazi ndani yake, wametoka katika Uislamu na hawaombewi maghufira. Tangu hapo nimeacha kumwombea, na mwezi uliopita nilikataa kwenda kwenye hitima yake. Bibi analia, hataki kusema nami. Nyumba imeingia fitina, na hata shamba lake la minazi kule Pangani bado halijagawanywa. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, mwombee babu yako leo hii. Aliyekatazwa kuombewa maghufira ni yule aliyekufa juu ya shirki na ikabainika, kama ilivyo katika Surat Tawba, aya ya 113. Mtu aliyekufa akiwa ni mwenye kuswali hayumo humo.

Swali lako limeniumiza, kwa sababu wewe si wa kwanza. Vijana wetu wanafundishwa kuwakufurisha wazee waliowafundisha alifu na be.

Mhadhiri wako bila shaka ameishika aya ya 44 ya Surat al-Maida, isemayo kwamba wasiohukumu kwa aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu, hao ndio makafiri. Kaisoma, lakini hakusema Ibn Abbas, sahaba na binamu wa Mtume, aliifahamu vipi. Ibn Abbas alisema si ile kufuru ya kumtoa mtu katika mila. Wanazuoni wakafafanua: anayeikanusha hukumu ya Mungu ana hukumu yake, na anayeiacha huku anaiamini ana yake. Waliozichukua aya za hukumu na kuzipiga vichwani mwa Waislamu walikuwa Khawarij, kundi lililomwasi khalifa Ali. Walimwambia Ali bin Abi Talib kwamba hapana hukumu ila ya Allah. Ali akawajibu: neno la haki lililokusudiwa batili. Mmoja wao ndiye aliyemuua.

Na Nabii Yusuf? Alimwambia mfalme wa Misri, "Niweke juu ya hazina za nchi." Hakumwomba mfalme abadilishe dini ya dola kwanza. Qur'ani yenyewe inasema asingeweza kumzuia nduguye kwa sheria ya mfalme, maana yake sheria hiyo ilikuwepo na Yusuf yumo serikalini. Na Najashi alitawala Habasha (Uhabeshi) juu ya Wakristo, akafa hajaweza kusimamisha Sharia kwa watu wake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimswalia swala ya ghaibu, ya maiti aliye mbali. Nani kati yetu ana ghera ya dini kuliko Mtume?

Mhadhiri anasimulia kana kwamba tarehe 9 Disemba 1961 tulikuwa na dola ya Kiislamu, wazee wakaiuza. Kabla ya hapo ilipepea bendera ya Mjerumani, kisha ya Mwingereza. Liwali na kadhi waliwekwa na mkoloni, na kadhi alihukumu ndoa, talaka na mirathi; mauaji yalikwenda kwa hakimu wa Kizungu. Sheikh Ali bin Hemed al-Buhriy alikuwa kadhi hapa Tanga wakati wa Mwingereza. Kama kazi chini ya serikali isiyo ya Kiislamu ni ukafiri, basi na yeye yumo, na walimu wa walimu wetu wamo. Mhadhiri aseme basi elimu yake kaipata kwa nani! Sheikh Hassan bin Ameir alikuwa na TANU Dar es Salaam, na Sheikh Muhammad Ramiya, khalifa wa tarika ya Qadiriyya, alikuwa nayo Bagamoyo. Walitaka mtu wa nchi hii asitawaliwe tena na mgeni.

Sisemi kwamba hakuna machungu. Sheria ya mahakama ya 1963 iliondoa mahakama za kadhi. Mwaka 1968 jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, ilipigwa marufuku. Naamini Waislamu wana haki ya kudai mahakama ya kadhi, na nalisema hilo wazi. Lakini kudai haki kwa walio hai ni jambo moja. Kumtoa maiti katika Uislamu ni jingine. Mtume amesema anayemwita nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Omba toba, mwanangu.

Kuhusu hitima, wanazuoni wamehitilafiana, sitaingia huko. Wewe hukukataa kwa hitilafu hiyo. Nenda kwa bibi, umwamkie, umshike mkono, umwombe radhi, hata akikufukuza mara ya kwanza.

Sasa hilo shamba, ambalo umelitaja mwishoni kama jambo dogo. Hapa Sharia imo mikononi mwenu, na serikali haijawazuia: mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi ya Waislamu kwa Sharia ya Kiislamu. Huenda babu yako kwa kalamu yake aliandika fungu la wajane wa watu wengine. Bibi yako ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, kwa nassi ya Qur'ani, maana marehemu ameacha watoto. Shangazi zako wana mafungu yao pia. Nazi zinaangushwa na kuuzwa, nani anakula? Mhadhiri wako amewauliza wanafunzi wake hilo?

Anzeni na madeni ya marehemu, kisha wasia kama upo, kisha mafungu. Zungumza na baba na ami zako kwa adabu. Wakisita, niletee majina ya warithi wote waliokuwa hai siku alipofariki, nitawapigia hesabu inshallah.

Wallahu aalam.