Nishani ya babu yako

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na sisi huku Ngamiani tu wazima. Umeniuliza kama nitaridhia uichukue nishani ya babu yako, uitie fremu na kuitundika sebuleni kwako Dar, wanao waione. Ngoja kwanza.

Kwamba aliipata kwa ajili ya mapigano ya Lukaya, kule Uganda, Machi 1979, walipopambana na askari wa Amin na Walibya pale penye kinamasi, akambeba mwenzake mgongoni risasi zikilia, hilo nyote mnalijua. Msilolijua ni kwamba mwenzake hakufika kwa daktari. Alikata roho mgongoni mwa baba.

Mama wa yule kijana alikuja kwetu kutoka Pangani. Nilikuwa na miaka kumi, mimi ndiye niliyempelekea maji. Baba akaitoa nishani, akampa aishike. Yule bibi akaigeuzageuza, akaifuta kwa ncha ya kanga yake kama anayemfuta mtoto uso, kisha akauliza, "Na mwanangu wamempa nini?" Hakuuliza kwa ubaya. Kijana wake amelala Kaboya, kule Kagera, na yeye hakuwahi kufika. Baba hakumjibu. Aliinuka mkekani akaenda uani, nikamsikia anafua nazi, moja baada ya nyingine, mpaka adhana ya magharibi. Tulikula nazi zile wiki nzima.

Tangu siku hiyo hakuivaa tena, hata Siku ya Mashujaa. Ndiyo maana nasema kila mara: nishani huvaa aliyerudi. Najua mmechoka kunisikia, lakini ndivyo, huvaa aliyerudi.

Halafu usiku najibishana mwenyewe. Kwani angejuaje kwamba anabeba maiti? Alistahili, wallahi alistahili. Basi kuificha si kumdhulumu? Na kuitundika, je, si kulitundika na swali la yule bibi?

Imo kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda changu, utepe umeliwa na mende pembeni. Neno ninalo, mwanangu, liko ulimini kabisa. Lakini wewe ndiye uliyemwogesha miezi yake ya mwisho, nami nisikutangulie. Njoo Idi, uishike kwanza.

Mama yako