Umetoka kwaya, sasa unataka klasiki au maigizo ya muziki (musical theatre)? Vifaa vya kuanzia

Wengi hufika kwa mwalimu wa sauti wakiwa na sikio zuri na tonik solfa kichwani. Huo ni mtaji, usiudharau. Kinachokosekana ni nota za mistari mitano, kwa sababu nyimbo za mwimbaji mmoja huchapwa pamoja na piano, na solfa haina piano. Tovuti ya musictheory.net ina masomo na mazoezi ya bure. Dakika 15 kila siku za kutambua nota, simu mkononi, zinakutosha kuanzia. Teno, angalia hapa: sauti yako huandikwa kwenye ufunguo wa soli lakini huimbwa oktavu moja chini ya ilivyoandikwa. Usijichoshe kufukuzana na soprano.

Nota za klasiki ziko bure IMSLP, maktaba ya mtandaoni iliyofunguliwa 2006, na za kwaya ziko kwenye tovuti ya CPDL. Humo utapata kazi ambazo hakimiliki yake imekwisha. Ukitafuta wimbo wa opera, usipakue kitabu cha okestra nzima. Chukua kile kilichoandikwa "vocal score", chenye mistari ya waimbaji na piano tu. Kile kingine kina vyombo ishirini kwenye ukurasa mmoja na mpiga piano wako atakurudishia. Nyimbo nyingi za maigizo ya muziki hutazipata humo, maana bado zina wenyewe. Zinanunuliwa mojamoja, kwa mfano kwenye tovuti ya Musicnotes, ambako nyingi unaweza kuzichagulia kii (mahali pa kuweka do) kabla ya kulipa. Tafuta kwanza nota ya juu kabisa na ya chini kabisa kwenye wimbo, ujipime nazo, ndipo ulipe. Koo likishazoea kii isiyo yako, kuihamisha ni kujifunza upya.

Sasa maneno, na hapa ndipo wengi huharibu. Mwanzoni utapewa nyimbo za Kiitaliano, na sisi tunafurahi kwa sababu irabu zake zinafanana na zetu. Herufi, hata hivyo, zinadanganya. *Ci* na *ce* za Kiitaliano ndizo *chi* na *che* zetu, ila ukiona *chi* na *che* kwenye nota, soma *ki* na *ke*. *Gn* inakaribia *ny* ya nyama, *sce* ni *she*. Konsonanti ikiandikwa mara mbili ikalie: *sono* ni "mimi ni", *sonno* ni usingizi. Kata irabu mapema, uache ulimi umegusa *n* kidogo kabla ya kuuachia.

Tatizo kubwa zaidi linatoka kwenye lugha yetu yenyewe, ambayo huipa kila irabu silabi yake: ki-o-o, silabi tatu. Chukua *Caro mio ben*, wimbo ambao karibu kila mwanafunzi hupewa. *Mio* imewekwa chini ya nota moja. Mswahili huigawa katikati sawasawa, au huongeza nota ambayo haipo. Kaa kwenye *i*, kisha *o* ipite mwishoni. Mbele kidogo, kwenye *credimi almen*, *mi* na *al* zinabebwa na nota moja: *i* iguse tu, *a* ndiyo ikae.

Kwa hiyo andika tafsiri ya neno kwa neno kwa penseli chini ya mstari (LiederNet ina maneno na tafsiri za nyimbo nyingi sana), sikiliza matamshi Forvo, sema maneno kama unazungumza, kisha yaseme kwa mapigo ya wimbo bila tuni. Halafu imba tuni kwa irabu tupu. Kuunganisha ni kwa mwisho. Rekodi za YouTube pia zisubiri, la sivyo utaiga pumzi na makosa ya mtu. Jihadhari na rekodi za vyombo vya kale: nyingi hupiga nota A kwa mitetemo 415 kwa sekunde badala ya 440, yaani karibu nusu toni chini. Ukizoea hapo, piano ya mwalimu itaonekana imekosea.

Kwenye maigizo ya muziki, neno lisiposikika hujaimba kitu. Kiingereza kina konsonanti zinazobanana. Ukiweka irabu katikati, "strong" inakuwa "sitirongi" na mapigo yanavurugika. Kwenye usaili utaombwa kipande cha vipimo (bars) 16, kama nusu dakika, au 32. Tia alama kubwa pa kuanzia na pa kuishia, panga kurasa kwenye faili lisilojifunga lenyewe, na usitumie plastiki inayong'aa chini ya taa. Mpe mpiga piano mwendo kwa kumwimbia mstari mmoja kwa sauti ndogo. Kumpigia vidole ni kumkosea adabu.

Hata kama hutafanya mtihani, pakua mitaala ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki: wa uimbaji na wa maigizo ya muziki. Nyimbo zimepangwa humo kwa daraja, 1 hadi 8, kwa hiyo utajua kama wimbo ulioupenda unakuzidi kimo. Kwenye mtihani wa uimbaji wa ana kwa ana kuna pia wimbo wa jadi usio na ala, kwa lugha yoyote, hivyo wa kwenu unafaa. Ujirekodi, kisha linganisha nota ya kwanza na ya mwisho kwenye piano. Wengi hushuka bila kujua, hasa ubeti wa pili, pumzi inapopungua.