Je, kanuni ya "wanachama waheshimiane" inatosha kumwadhibu mwanachama?

Swali: Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wahandisi hapa Jinja. Katika mkutano wetu mkuu, mzee mmoja alimwambia mhandisi wa kike mbele ya wote arudi jikoni, kisha akaendelea kumkejeli kwenye kundi la WhatsApp. Tukimuuliza anasema ni utani. Kanuni zetu zinasema tu "wanachama waheshimiane". Tunaweza kumchukulia hatua?

Jibu: Ndugu Katibu, mnaweza, na msikawie. Sentensi hiyo fupi inatosha kufungua shauri, maana hakuna atakayewashawishi wanachama kwamba kumfukuzia mwenzake jikoni ni heshima. Ila adhabu isizidi zile ambazo katiba ya chama inazitaja tayari. Kanuni mpya mtakayoitunga iwahusu watakaokosa baadaye; msiirudishe nyuma ili imnase yeye.

Vyama vingi hujikwaa kwenye kusikiliza. Ibara ya 44 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inaiweka haki ya kusikilizwa kwa uadilifu miongoni mwa haki zisizopunguzwa kamwe, na mwanachama aliyefukuzwa bila kusikilizwa ana hoja nzito mahakamani. Basi mpelekeeni mzee malalamiko kwa maandishi: maneno aliyoyasema, siku na mahali. Mpeni muda wa kujibu. Mwenyekiti akiwa rafiki yake au mshirika wake wa biashara, asikae kwenye kamati. Ujumbe wa WhatsApp upigwe picha leo, kabla haujafutwa.

Najua wazee watasema mambo yaishe kifamilia. Hilo ni la kuamuliwa na dada huyo, kwa hiari yake. Kumsukuma kupeana mkono na aliyemdhalilisha hadharani ni kumdhalilisha mara ya pili.

Katika kanuni mpya, yatajeni matendo yenyewe: kejeli juu ya jinsia, kabila, dini, ulemavu au lafudhi, kumgusa mtu asiyetaka, na kumlipizia kisasi aliyelalamika. Semeni pia kwamba kanuni inafika kwenye makundi ya simu na safari za kikazi. Msitegemee Sheria ya Ajira ya 2006 pekee. Inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke hatua za kuzuia unyanyasaji wa kingono, lakini wanachama wenu wana waajiri tofauti.

Lindeni na ukosoaji wa kazi, naomba sana. "Hesabu yako ya mzigo wa nguzo hii ina kosa" ni kauli halali hata ikisemwa kwa ukali, hata ikitoka kwa kijana kwenda kwa mzee, kwa sababu nguzo ikianguka wanakufa watu. Kinachokatazwa ni kumshambulia mtu mwenyewe.

Mwisho, chama kinaweza kumsimamisha uanachama tu. Usajili wake wa kitaaluma uko mikononi mwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na hukohuko ndiko mnakopeleka malalamiko yanayogusa maadili ya kazi. Akimtishia au kumgusa dada huyo, nendeni polisi bila kuisubiri kamati.